Usilime Shamba Lote, Naliaka

Naliaka mwanangu,

Nimejifungia ghalani na kalamu ya mdogo wako Wekesa. Nimekaa juu ya gunia la mahindi, na huko nje shangazi zako wananitafuta. Rasoa ameniita mpaka sauti imemkauka, ati wali umekosa chumvi. Wacha ukose. Kesho saa kama hizi utakuwa umetoka kanisani, umepanda gari na watu wa Joram mnaelekea Butali, na mimi nitakuwa hapa nasugua sufuria za watu. Nikisema ningoje mpaka wageni waishe ndipo nikuite tuzungumze, najijua, sitasema kitu. Nitalia tu, na kilio changu hakitakulisha.

Utajiuliza kwa nini mama anayelala chumba kinachopakana na chako anakuandikia barua. Ni kwa sababu kuanzia kesho mimi ni mama mkwe. Unajua mila zetu. Siwezi kukanyaga kwa Joram mpaka yale ya kufanywa yafanywe, na hata yakishafanywa nitawekewa kiti nje, nile ingokho, kuku wa heshima, nikitazama miguu yangu kwa heshima. Nani ataniruhusu nikunje sketi, nishike jembe katika shamba la mkwe wangu? Kwa hivyo mambo ambayo ningekuonyesha kwa mikono nitayaandika, na wewe uyasome ukiwa umesimama shambani.

Mambo ya kupika, ya kuishi na mama mkwe, ya kuamka kabla ya jogoo, hayo shangazi zako watakumiminia leo mpaka masikio yakuume. Mimi nataka tuzungumze juu ya ile ekari moja uliyotengewa kwa Joram.

Siku wanawake wetu walipokwenda kuangalia boma la akina Joram, mimi sikwenda, kwa hizo sababu za mila. Lakini nilimvuta Rasoa kando nikamwambia, "Wengine wakiangalia mabati na viti, wewe niletee udongo." Alinicheka mpaka akashika mbavu. Hata hivyo aliniletea, amefunga kwenye pindo la leso. Akaniambia Joram mwenyewe aliwapeleka mpaka kwenye hiyo ekari, akasema mbele ya wazee, "Hapa patakuwa pa Naliaka, pa chakula. Miwa haitafika hapa." Wanawake wakapiga vigelegele. Ni kijana mzuri, na nilimpenda zaidi siku hiyo.

Kisha nikafungua leso. Udongo ulikuwa mweupemweupe, umekaza, na ukiunusa haunuki kitu. Nikauvunja kwa vidole sikuona hata mnyoo. Nikaumwagia maji ukawa uji. Hapo palikuwa na miwa tangu Joram anyonye, imekatwa ikachipuka, ikakatwa ikachipuka, majani yakachomwa moto kila mavuno. Sasa wamekupa wewe kile kilichobaki, na kwa roho safi kabisa, kwa maana wao hawajui kwamba pamekufa. Mimi nilijua mara moja. Udongo kama ule nilishawahi kuutengeneza mimi mwenyewe, hapa nyumbani.

Naliaka, kuna siku ulikasirika ukamwambia baba yako kwamba alitulisha miwa. Ulikuwa kidato cha pili, na unga ulikuwa umeisha. Baba yako alinyamaza, kwa sababu yeye ni mtu wa kunyamaza, na mimi nikanyamaza nyuma yake kama sihusiki. Hebu nikusimulie vile mambo yalivyokuwa.

Nilipoolewa hapa, kukhu yako, mama ya baba yako, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jikoni. Pale palikuwa zamani boma la ng'ombe la mama yake, na boma lilipohamishwa pakabaki matongo. Wewe umezaliwa huku, unajua matongo. Ni pahali watu na ng'ombe wameishi miaka na miaka, jivu, kinyesi, maganda, majani, kila kitu kimeozea hapo, na udongo umekuwa mweusi mpaka unashikamana na vidole. Kukhu akaniambia, "Hapa hutalala njaa." Basi. Mahindi ya pale yalikuwa yanazaa kila bua masuke mawili, na maboga nilikuwa nagawa bure.

Kisha miwa ikaingia. Mayi! Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki vile watu walichanganyikiwa. Trekta za kampuni ya sukari zilikuwa zinalima usiku na mchana. Kila mtu aliyekuwa na kipande alikuwa anakiandikisha kwa kampuni kipandwe miwa. Mtu aliyekuwa anavaa kaptura ya viraka jana, leo unamwona na redio begani, anatembea nayo sokoni imefunguliwa mpaka mwisho. Wanawake wa kanisani walikuwa wanavaa viatu vya visigino kwenye matope. Na mimi nilikuwa na nyumba ya nyasi inayovuja juu ya kitanda.

Baba yako alisema tuandikishe upande wa barabara peke yake. Ni mimi niliyesema tuandikishe shamba lote. Nilimwambia, "Jirani zetu wanakunywa chai kwenye sofa, sisi tunakaa kwenye vigoda kwa sababu wewe unaogopa?" Nilimsema asubuhi, nilimsema jioni. Nilimsusia hata kumpashia maji ya kuoga. Mwishowe akaandikisha, na trekta ilipofika mwisho wa shamba, dereva akasimama pale kwenye matongo akauliza kama na hapo pia. Baba yako akanitazama. Mimi nikasema, "Lima."

Na ng'ombe? Ng'ombe niliwauza mimi. Hakukuwa na pahali pa kuwalisha tena, miwa ilikuwa imefika mpaka ukutani mwa jikoni, ukifungua dirisha majani yanaingia. Nikasema, tena nilisema kwa kiburi, kwamba miwa haitaki samadi, miwa ina mbolea yake inaletwa na lori. Kukhu yako aliwatazama wale ng'ombe wakitolewa langoni, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango mchana kweupe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliacha mbachao, nikachoma na moto juu yake.

Mabati tulipata, sikatai. Sofa tulipata. Mdogo wako Wekesa alipata ugonjwa.

Ulikuwa unambeba mgongoni, labda unakumbuka. Nywele zilianza kuwa nyekundu, miguu ikavimba, mimi nikadhani ananenepa. Ananenepa! Nikamshonea mpaka suruali kubwa. Mwanamke mmoja wa kanisani ndiye aliyeniambia nimpeleke zahanati. Sista alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale kwenye mguu wa mtoto wangu.

"Mama, nyumbani mnakula nini?" akaniuliza.

"Obusuma wa unga wa mahindi na chai. Siku nyingine mboga."

"Maziwa?"

"Ng'ombe tuliuza."

"Maharagwe je?"

"Hakuna pahali pa kupanda."

"Kwani hamna shamba?"

"Shamba tunalo, sista, tena kubwa. Lote ni miwa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinipa unga wa soya nimpikie uji, na nilipokuwa natoka akanifungia mbegu za soya kwenye karatasi, konzi moja tu, akasema nipande popote, hata kando ya njia. Nilitembea kutoka zahanati mpaka nyumbani na miwa imesimama pande zote mbili za barabara, mizuri, mirefu, na mtoto mgongoni hana nguvu ya kulia. Hiyo safari sitaisahau mpaka nizikwe.

Leo huyo Wekesa ndiye yuko huko nje anaonja nyama kabla haijaiva. Namsikia anavyocheka. Mungu ni mwema.

Sasa sikiliza, hapa ndipo mambo ya shamba lako yanapoanza. Miwa ile ya mwisho ilipokatwa, baba yako alichukua jembe akang'oa visiki nyuma ya jikoni, siku nzima, kisha akaniambia, "Panda chakula." Nilifurahi nikidhani matongo yangu yamenirudia. Ala! Matongo yalikuwa yamekwenda na malori. Ule udongo mweusi haukuwepo, ulikuwa kama huo wako wa Butali.

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimezoea miwa, nikayalima mahindi kama miwa. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa miwa, tunadhani kila mmea ni muwa. Nilikodi ng'ombe wa kulima, nikapindua shamba lote, nikalilainisha mpaka likawa kama unga. Nikapanda, na mahindi yalipotoa kichwa nikachukua gunia la mbolea, nikaenda nikirusha huku na huku kama mtu anayelisha kuku. Nilijiona mtaalamu. Usiku mvua ikanyesha, zile mvua zetu za mawe na radi. Asubuhi udongo wangu laini ulikuwa umeteremka mtoni, na mbolea umeibeba.

Miezi ilipopita, mzee Makokha, ambaye shamba lake liko chini yetu kando ya mto, alikuja na kikapu cha nduma. Nduma zenyewe zilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Akaniambia, "Mama Naliaka, mwaka huu sijui Mungu amenionea huruma gani, nduma zimekataa kuacha kukua. Nimekuletea uonje baraka zangu." Nikazipokea nikashukuru. Nilizichemsha nikazila, Naliaka, na nilijua kabisa ninakula mbolea yangu.

Msimu uliofuata nikawa mjanja. Nikasema sirushi tena, naweka shimoni pamoja na mbegu, mvua iikose. Nikatia mbolea, nikatia mbegu juu yake, zikalala pamoja. Nusu ya shamba haikuota. Nilipofukua nikakuta mbegu zimeungua, zimekuwa kahawia. Mbolea ya gunia ni chumvi kali, mwanangu, ikigusa mbegu inaiunguza. Tia mbolea kwanza, funika kwa udongo kidogo wa vidole viwili, ndipo mbegu ije juu. Na kipimo ni kizibo cha soda kwa kila shimo, usizidishe kwa huruma. Mahindi hayana huruma yako.

Jinsi nilivyojifunza kutolima shamba lote si akili, usije ukamwambia mtu mama yako alikuwa na akili. Nilikuwa na mimba ya mdogo wako Nasimiyu, ile iliyonilaza. Mvua imekuja, jirani wote wamepanda, mimi nikisimama kizunguzungu. Baba yako alikuwa amepelekwa kukata miwa upande mwingine. Nikasema potelea mbali, nitachimba pale mbegu itakapokaa tu. Nikavuta kamba kutoka huku mpaka kule, kukingama mteremko, nikachimba mstari mmoja, upana wa jembe, na kina cha kutosha. Nikaruka hatua nzima bila kugusa, nikachimba mwingine. Katikati nikaacha mabua ya mwaka jana yakilala vile vile, na magugu nikayafyeka tu bila kuyang'oa.

Wanawake waliokuwa wanapita kwenda mtoni walisimama kunitazama. Mmoja akapaza sauti, "Mama Naliaka, kinyozi amekukimbia katikati ya kichwa?" Wengine wakaangua kicheko, mitungi ikamwagika. Nilitamani kuwatupia jembe. Lakini mvua ilipokuja, udongo wangu haukwenda kwa Makokha. Yale mabua yaliushika. Maji yalikuwa yanaingia kwenye mistari na kukaa, na jua lilipokuja kali mwezi wote, mahindi ya wale waliocheka yalijikunja na yangu yakasimama. Mwaka huo nilimsikia yule mwenye maneno ya kinyozi akimwuliza Rasoa ile kamba yangu ina urefu gani.

Katikati ya mistari ndiko nilikopanda soya, zile za sista zilizokuwa zimeshazaana. Na msimu uliofuata nilihama. Pale palipokuwa na soya nikachimba mistari ya mahindi, pale palipokuwa na mahindi nikaweka soya. Wanabadilishana vitanda.

Hata hapo nilikuwa nakosea jambo, na bwana shamba ndiye aliyenionyesha. Alikuwa kijana mwembamba wa baiskeli, kila mtu alikuwa anamkwepa kwa sababu anauliza sana. Alinikuta naivuna soya kwa kuing'oa na mizizi, nimefunga mzigo niende kuwashia moto. Akachukua shina moja, akanionyesha vijivimbe kwenye mizizi kama shanga. Akakipasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu kama ufizi. "Mama," akasema, "hii ni mbolea, na wewe unaipeleka jikoni." Nikaona aibu mpaka nikacheka. Tangu siku hiyo nakata shina juu ya udongo, mizizi naiacha ikae humo humo. Na wewe ukipasua kile kijivimbe ukakikuta cheupe au kijani, ujue soya yako haifanyi kazi, tafuta udongo wa pahali soya ilipofanya vizuri uchanganye na mbegu. Nitakufungia kidogo wa hapa.

Huyo kijana ndiye aliyeniambia pia kwamba mbolea ile ile ya kupandia ukiitia mwaka baada ya mwaka, peke yake, inafanya udongo kuwa mchachu. Mahindi yanageuka zambarau kwenye majani ijapokuwa unayalisha. Dawa yake ni chokaa ya shamba, na ukikosa, jivu la jikoni. Usimwage jivu lako kwenye njia kama watoto wa siku hizi. Na kule Butali, kwa miaka yote ile ya miwa, naamini udongo umechachuka kama togwa. Anza na hilo kabla hujanunua gunia hata moja.

Ile mbolea ya kukuzia usiitie mpaka mahindi yafike magotini, umepalilia, na udongo una maji. Weka kando ya shina, si juu ya shina, kisha funika. Soya usiipe hiyo, inajitafutia. Na usikubali mtu akuchomee mabua, hata kama ni baba mkwe. Mwambie kwa upole, "Baba, niachie takataka yangu." Atakuona mwanamke wa ajabu, lakini atakuachia.

Na wakikucheka, watakucheka tu, wacheke. Mwaka wa kwanza hutavuna kitu cha kujivunia. Nakuambia mapema usije ukavunjika moyo ukamwambia Joram aandikishe na hapo pia. Ndicho ninachoogopa, Naliaka. Siogopi kwamba atakupiga, siogopi mama yake. Naogopa kwamba utalima, utakosa, utachoka, na siku moja trekta itasimama pale na wewe ndiye utakayesema "Lima." Halafu uwe na mtoto mgongoni kwenye barabara ile.

Rasoa amekuja kugonga mlango wa ghala. Nimemwambia chumvi iko kwenye kibuyu nyuma ya mlango, pale ilipo tangu nimeolewa. Ameenda ananung'unika.

Kuna jambo moja sijakuambia, na ndilo linaloniuma. Hayo yote niliyokuandikia, kamba, kizibo, soya, jivu, yalinisaidia, ndiyo. Lakini yalikuwa yanapanda polepole mno. Udongo wangu haukurudi kuwa mweusi mpaka ng'ombe walipoingia tena hapa nyumbani, na ng'ombe waliingia kwa ajili yako. Ni ng'ombe wa mahari, wale Joram na wazee wake waliowaleta mwaka juzi. Siku ile watu walikuwa wanatazama pembe na manyoya, mimi nikatazama nyuma, nikasema asante Yesu, samadi. Nilikusanya, nikarundika, nikafunika kwa majani ya ndizi mvua isiioshe, nikangoja mpaka imeacha kunuka. Konzi moja kwa kila shimo, na kizibo nikapunguza nusu. Umeona mwenyewe mavuno ya mwaka jana. Hili gunia nililolikalia ni la pale nyuma ya jikoni.

Kwa hivyo juzi nilimwambia baba yako, "Mpe Naliaka ng'ombe mmoja aende naye. Ile ekari bila samadi itamvunja mtoto." Hajawahi kunijibu kwa ukali kama siku hiyo. "Wewe una wazimu? Ng'ombe wa mahari harudi. Ukirudisha ng'ombe umerudisha msichana. Watu watasema ndoa imekufa kabla ya kanisa."

Na ni kweli. Hakuna mtu hapa kwetu asiyejua hivyo. Ng'ombe wa mahari akionekana barabarani anaelekea kule alikotoka, watu hawaulizi, wanajua kumeharibika. Nilijua, lakini nilikuwa nimeuona ule udongo na yeye hajauona. Nikamwambia maneno mabaya. Nikamwambia ng'ombe niliwauza mimi, sasa na yeye anawanyima wanaowahitaji. Tangu hapo tunazungumza kupitia Wekesa. "Mwambie mama yako chai." "Mwambie baba yako iko mezani." Mnatucheka, najua. Nilitaka uondoke nyumba ikiwa na amani, na mimi nimeivuruga kwa ajili ya kinyesi cha ng'ombe. Nisamehe.

Subiri kidogo.

Mwanangu, nimechungulia kwenye mwanya wa ukuta kwa sababu nilisikia sauti zizini. Baba yako yuko pale na mzee Makokha. Amemfungua yule mtamba mwekundu mwenye doa kwenye paji, yule aliyezaliwa hapa mwaka juzi mvua ikinyesha, ukamkausha kwa gunia. Anamfunga kamba mpya shingoni. Makokha anauliza, "Na watu watasema nini?" Na baba yako, yule baba yako ambaye maneno yake ya mwaka mzima yanaingia kwenye kikombe, nimemsikia akisema hivi, "Mahari walileta mama yake, na mama yake huyo hapo, hajaenda popote. Huyu hakuwa kwenye mahari. Huyu alizaliwa kwangu. Ni mtoto wa nyumba hii kama Naliaka, na mtoto wa nyumba hii akiolewa anapewa kitu cha kwenda nacho." Makokha amekuna kichwa. Kisha akasema, "Hapo wazee hawana neno."

Atamtembeza yeye mwenyewe mpaka Butali, na goti lake lile linalomuuma, akiondoka alfajiri kesho kutwa. Anasema atamfikisha mpaka kwenye mpaka wa shamba la Joram, hataingia nyumbani mpaka aalikwe kwa heshima zake. Kwa hivyo kesho kutwa ukimwona mzee amesimama kando ya miwa na mtamba mwekundu, kimbia. Mpe maji ya kunywa hapo hapo. Usimngoje Joram.

Mimi niko hapa nalia kama nilivyosema nitalia, karatasi inalowa. Ameniacha nimuudhi siku zote hizo na alikuwa akitafuta njia.

Sasa amekuja mpaka kwenye mlango wa ghala. Hajafungua. Kumbe muda wote alijua niko humu. Amesimama kwanza, akakohoa kile kikohozi chake, kisha akasema, si kupitia Wekesa, "Mama Naliaka, bado unaandika?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi andika," akasema, "kwamba mavi yake asiyatupe."

Nimeandika.

Mama yako.